Hii inapanda? Namna ya kulisoma gari la juu kabla hujalipeleka porini

Mwaka juzi shemeji yangu aliniomba nimsindikize kwenye yadi za magari, Dar es Salaam. Ana shamba Kilindi, mbele ya Songe, huko ambako lami imeshasahaulika na moramu nayo inakwisha kabla hujafika. Kiangazi ni vumbi na makorongo. Masika ni ule udongo mweusi ambao ukiukanyaga, mguu unatoka na kiatu kinabaki. Bajeti yake haikufika Prado. Alikuwa ameshapenda X-Trail moja nyeusi: ringi inchi 18, ngao ya bomba inayong'aa, keria juu, na taa nne juu ya keria. Akamuuliza muuzaji swali ambalo kila mnunuzi wa gari la juu huuliza.

"Hii inapanda?"

"Foo wili hiyo, bosi. Inapanda mpaka ukutani."

Mimi nikajilaza chini na tochi ya simu. Shemeji akaona aibu. "Inuka bwana shemeji, utachafuka." Nilichokiona huko chini kilitosha kumaliza mazungumzo: kinga ya plastiki chini ya injini imefungwa kwa waya, bomba la ekzosi limebonyea, na ile ngao ya kung'aa imeshuka chini kuliko bampa lenyewe. Yaani pambo la kwendea porini ndilo lingekuwa la kwanza kugota kwenye korongo.

Swali la shemeji halikuwa baya, ila lilikuwa limefupishwa mno. Ndani yake yamejificha maswali matatu. Tumbo la gari litapita? Gurudumu moja likikosa pa kushika, nguvu itakwenda wapi? Na je, gari linaweza kwenda polepole, kwa nguvu, kwa muda mrefu, bila kuungua? Gari linaweza kufaulu moja na kufeli mawili yaliyobaki, na beji ya 4WD (ndiyo hiyo foo wili, nguvu kwa magurudumu yote manne) iliyobandikwa mlango wa nyuma haijibu hata moja.

Beji yenyewe ihakikishe kwanza. RAV4, X-Trail na Harrier ziliuzwa Japani zikiwa za kuvuta mbele tu na pia za magurudumu manne, na kwa nje huwezi kuzitofautisha. Chungulia nyuma, katikati ya magurudumu mawili. Ukiona difu, lile bonge la chuma lenye gia ndani, na propela shafti, lile bomba refu linalozunguka, ikitoka mbele kuja kwake, hiyo ni foo wili. Usipoona, ni gari la mjini lililovaa buti. Ila usizihukumu haiburidi kwa kipimo hicho: Harrier na RAV4 haiburidi za 4x4 hazina propela shafti, maana magurudumu ya nyuma yanazungushwa na mota yake ya umeme. Mota hiyo husaidia kwenye utelezi wa kawaida, ila nguvu yake ni ndogo ukilinganisha na ya mbele, na hakuna chuma kinachounganisha mbele na nyuma. Kwa tope la Kilindi singeitegemea.

Tumbo

Watu hupenda kutaja namba moja, urefu kutoka ardhini hadi sehemu ya chini kabisa ya gari. Kwa magari ya daraja hili huwa kati ya milimita 180 na 220. Suzuki Escudo iliyoanza 2005, ile ambayo nchi nyingine inaitwa Grand Vitara, inatajwa 200. Subaru Forester iliyotoka 2012 inatajwa 220, na Prado ya 150 nayo iko karibu na 220. Kwa namba hiyo pekee, Forester na Prado ni ndugu. Ukiwapeleka wote wawili Loliondo wakati wa mvua, utajua kuwa si ndugu hata kidogo.

Namba ya katalogi hupimwa gari likiwa tupu. Pakia watu watano na magunia mawili ya mahindi, springi zinakaa, na sentimita kadhaa zinaondoka hapo hapo. Springi zikiwa zimechoka, zilishaondoka kabla hujapakia. Kwa hiyo nenda na futi, pima mwenyewe, na upime mahali palipo chini zaidi: mara nyingi ni ekzosi, au chuma kinachobeba injini, au mikono ya magurudumu ya nyuma.

Baada ya hapo ziangalie pembe tatu, ambazo kwangu zina uzito kuliko urefu. Pembe ya mbele ni ile ya kutoka tairi la mbele hadi ncha ya bampa. Ndiyo inayoamua kama utaingia kwenye mteremko wa korongo au utalima kwa bampa. Ya nyuma ni hivyo hivyo upande wa kutokea, na adui wake mkubwa hapa kwetu ni ekzosi na ndoano ya trela. Ya katikati ndiyo inayosahaulika: gari likivuka tuta kali, magurudumu ya mbele yakiwa upande huu na ya nyuma upande ule, tumbo linagusa? Hapo urefu wa kutoka gurudumu la mbele hadi la nyuma unakula ile faida ya kunyanyuka. Escudo ya milango mitano ina milimita 2640 kati ya ekseli, Prado 150 ina 2790. Ukipiga hesabu ya kijiometri ya kawaida, Escudo kwa milimita zake 200 inapata digrii 17 hivi, na Prado kwa milimita 220 inapata 18 kasoro. Hali halisi ni bora kidogo kwa sababu tairi ni duara, lakini umeona tofauti ilivyo ndogo: gari fupi linajilipa.

Kenya wana shindano la Rhino Charge, lililoanza 1989 kuchangia uhifadhi wa milima ya Aberdare, ambapo mshindi ni gari lililofika vituo vyote kwa umbali mfupi kuliko mengine. Maana yake huzunguki mlima, unapita humo humo. Tazama picha za magari yale: mengi yamekatwa bampa kiasi kwamba kitu cha kwanza kugusa jiwe ni tairi. Hakuna anayekwenda pale na bomba linaloning'inia.

Nguvu inakwenda wapi

Hapa ndipo penye mkanganyiko mkubwa, na wauzaji wanaujua vizuri.

Difu ipo ili magurudumu mawili ya ekseli moja yaweze kuzunguka kwa kasi tofauti kwenye kona. Bila hiyo gari lingekuwa linaburuza tairi kila unapogeuka. Lakini ina tabia moja mbaya. Fikiria watu wawili wamebeba tenga la samaki kwa mti mabegani. Mmoja akiachia, nguvu za mwenzake hazisaidii kitu. Tenga linaangukia upande wa aliyeachia. Difu ya kawaida ni hivyo hivyo: haiwezi kulipatia gurudumu moja nguvu nyingi kuliko ile ambayo jingine linaweza kuihimili. Gurudumu la kulia likiwa hewani, halihimili chochote, na la kushoto lililokanyaga ardhi imara nalo halipati chochote. Ndiyo maana unaona gari limekwama na gurudumu moja tu linazunguka kwa fujo huku jingine limetulia kama halihusiki.

Gari la 4x4 la muda wote lina difu tatu: mbele, nyuma, na moja katikati inayogawa nguvu kati ya mbele na nyuma. Zote zikiwa za kawaida, gurudumu moja likiwa hewani linaweza kuwasimamisha wote wanne. Dawa ya kwanza ni kufunga ile ya katikati. Ukiifunga, mbele na nyuma wanazunguka pamoja, kwa hiyo ili gari likwame lazima gurudumu moja la mbele na moja la nyuma yapoteze mshiko kwa pamoja. Dawa ya pili ni kufunga na ya nyuma, jambo ambalo magari machache ya daraja hili yanalo. Dawa ya tatu ni ya kisasa: kompyuta inabana breki kwenye gurudumu linalozunguka ovyo, difu inadanganyika kwamba gurudumu lile limepata mzigo, na nguvu inahamia upande wa pili. X-Mode ya Forester inafanya kazi kwa njia hiyo, pamoja na kulainisha mwitikio wa pedeli. Ni nzuri kweli, lakini inataka ukanyage mafuta bila woga ili breki zifanye kazi yake, na breki hizo zinapata moto.

X-Trail ya T31, iliyotoka 2007, na RAV4 ya kizazi cha 2005 hazina difu ya katikati kabisa. Zina klachi inayoendeshwa kwa umeme karibu na difu ya nyuma. Muda mwingi gari linavutwa na mbele. Mbele ikiteleza, klachi inabana na nyuma inapata sehemu yake. Kitufe cha LOCK kinaibana mapema, kwenye mwendo mdogo tu. Kwenye RAV4 ukipita kilomita 40 kwa saa inajiachia. Kwa barabara ya utelezi ya Lushoto au uwanja wa nyumbani uliolowa, mfumo huu unatosha na unabaki. Udhaifu wake unajitokeza pale unapoulazimisha dakika kumi mfululizo kwenye mchanga au tope zito. Klachi inapata joto, kompyuta inaiachia ili isiungue, na ghafla una gari la kuvuta mbele katikati ya tope. Halijaharibika, limejiokoa lenyewe, ila wewe limekuacha.

Kabla ya kulipa, kuna jaribio moja unaloweza kuomba. Tafuta mtaro au tuta ambalo unaweza kuliingia kwa pembe, si moja kwa moja, mpaka gurudumu la mbele la upande mmoja na la nyuma la upande mwingine yawe mepesi. Kanyaga mafuta taratibu, mtu mwingine asimame pembeni atazame. Gari likipanda bila kelele, umejibiwa. Likizungusha magurudumu mawili yaliyo mepesi kisha baada ya sekunde moja au mbili likasogea, linatumia breki. Likiendelea kuzungusha tu, umejibiwa pia. Muuzaji akikataa jaribio kabisa, mimi naondoka.

Jambo la tatu, gia nzito. Escudo ya 2005 kuendelea, katika matoleo mengi ya milango mitano, ina swichi yenye 4H (mwendo wa kawaida), 4H LOCK (difu ya katikati imefungwa) na 4L LOCK (gia nzito, difu hiyo ikiwa imefungwa). Hiyo 4L inapunguza mwendo karibu mara mbili na kuongeza nguvu kwenye magurudumu kwa kiasi hicho hicho. Ya Prado inapunguza zaidi ya mara mbili na nusu. Faida yake si kupanda tu. Kuteremka ndiko ninakoithamini zaidi: unaweka 4L, gia ya kwanza, unaondoa mguu kwenye breki, na injini inalishikilia gari hatua kwa hatua. X-Trail, RAV4, Harrier na Forester hizi za otomatiki hazina kitu hicho. Nyingi zina gia boksi ya CVT, mkanda wa chuma unaobanwa kati ya puli mbili, na mkanda huo haupendi mzigo mzito kwenye mwendo wa konokono. Oili yake ikipata moto kupita kiasi, gari linapunguza nguvu lenyewe. Ukinunua la CVT, kila ukibadilisha oili weka ya aina iliyoandikwa na kiwanda, si ile ambayo fundi anasema "inafanana".

Niliyoyasema kuhusu Escudo yana mtego mmoja. Gari jipya lililoingia sokoni Japani mwaka 2015 kwa jina hilo hilo la Escudo ni kitu tofauti: injini imekaa kwa ubavu, mfumo wa foo wili ni wa klachi, 4L hakuna. Jina ni lile, gari si lile. La zamani lina fremu iliyochomelewa ndani ya bodi, injini imekaa kwa urefu, na namba ya chesesi yake inaanza na TD. Kenya, kwa kuwa sheria yao hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8, Escudo ya zamani utaipata kwa mwenyeji tu.

Na isisifiwe kupita kiasi. Magurudumu yake ya nyuma yanajitegemea kila moja, hayana ekseli ngumu kama ya Prado, kwa hiyo kwenye makorongo ya kupishana linanyanyua mguu mapema, na difu yake ya nyuma ni ya kawaida. Injini ya lita 2.0 hainywi mafuta kama maji lakini haikimbii pia. Mlima wa Sekenke ukiwa umepakia utakufundisha subira. Tulilinunua hilo hata hivyo, TD54W ya fedha, ringi inchi 16, bila keria, bila ngao. Shemeji alinuna kidogo njiani.

Pesa iliyobaki iende wapi

Ilibaki pesa, na pesa ikibaki kwa mwenye gari jipya inawasha mfukoni. Orodha yake ilianzia na winchi, ile mashine ya mbele ya gari ya kujivuta kwa waya. Yangu ilianzia na matairi, na sijaona bado sababu ya kubadili mawazo.

Tairi ndilo kiungo pekee kinachogusa ardhi. Kufunga difu, kompyuta, gia nzito, vyote hivyo vinagawa mshiko ambao tairi limekwisha kuupata, haviwezi kuuzalisha. Tairi la barabarani likiingia udongo mweusi, mifereji yake inajaa mara moja na unabaki na mpira laini kama yai. Tairi la A/T, yaani la ardhi za kila aina, lina vitalu vikubwa na nafasi kati yake, likizunguka linatema tope. Lile la tope tupu, M/T, linatema zaidi, lakini kwenye lami linavuma kama mashine ya kusaga na kwenye mvua ya lami mshiko wake si mzuri. Mtu anayekwenda shamba mara mbili kwa mwezi na siku nyingine yuko Mandela Road kwenye foleni, A/T inamtosha.

Ringi kubwa ni mapambo. Ringi ya inchi 18 au 19 inamaanisha ukuta mfupi wa tairi, na ukuta mfupi hauna pa kubonyea: jiwe likigonga, linakata tairi au linapinda ringi. Ukiweza kushuka inchi moja na breki zikaingia, shuka. Escudo ya shemeji ilikuja na 225/70R16. Tulikwenda 235/70R16, tairi pana kidogo na refu kidogo: kipenyo kimeongezeka milimita 14, kwa hiyo gari limepanda 7. Ni kidogo, lakini ni milimita ambazo zimeinua kila kitu, na spidomita imekosea kwa asilimia 2 tu. Kwenda mbali zaidi ya hapo, tairi linaanza kusugua kwenye kona na injini ndogo inalemewa.

Kwenye maduka ya matairi ya mtumba kuna matairi mazuri ya kutazama ambayo umri wake umekwisha. Ubavuni tafuta tarakimu nne za mwisho wa maandishi ya DOT: mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi la miaka kumi lenye kashata nzuri ni mpira mgumu unaosubiri joto la mchana wa Dodoma.

Halafu kuna upepo, ambao ni bure. Kwenye lami Escudo inakwenda na psi 30 hivi. Kwenye mchanga tunashusha hadi 18, na tairi linalala: alama yake chini inakuwa ndefu, gari linaelea badala ya kuchimba. Watu wengi waliokwama kwenye mchanga hawakuhitaji winchi, walihitaji kipimo cha upepo na dakika tano. Kwenye barabara ya moramu yenye mawimbi, ile inayokung'uta meno, 25 inapunguza mateso ya abiria na ya shokapu pia. Ukishusha, mwendo nao ushuke, kona zichukue taratibu, na chini ya 15 usiende maana tairi linaweza kuchomoka kwenye ringi. Na lazima uwe na kompresa ndogo ya kuchomeka kwenye betri ili ujaze kabla ya kurudi lami. Hii ndiyo bidhaa ya kwanza niliyomnunulia shemeji kwa pesa yangu, nikijua asingeinunua.

Shokapu zinafuata. Kwenye mawimbi ya moramu shokapu inapanda na kushuka mara nyingi mno kwa dakika. Oili ndani inapata moto, inatoa povu, na povu halizuii kitu. Gari linaanza kuruka kama mbuzi na nyuma inatafuta mtaro. Ukihisi hivyo, simama, ziache zipoe. Kama zimevuja, hakuna kupoa. Shokapu mpya imara, bushi mpya, na springi za nyuma zenye nguvu kidogo kwa ajili ya mzigo: gari halijapanda sana lakini limeacha kukaa matakoni, na ile pembe ya nyuma imerudi.

Ndipo unafika swali la kuinua, na hapa mafundi wetu wana haraka kuliko maarifa. Kwenye gari lenye ekseli ngumu, springi ndefu zinainua bodi lakini difu inabaki pale pale, kwa sababu imo ndani ya ekseli. Kuiinua hiyo ni kazi ya tairi peke yake. Kwenye Escudo, X-Trail au Forester, difu imefungwa chini ya bodi, kwa hiyo ukiinua bodi difu nayo inapanda. Nzuri! Lakini shafti zinazokwenda magurudumuni sasa zinateremka kwa pembe kali, mipira ya sivi joint, yale maungio ya shafti yanayojikunja, inasuguana na kupasuka, mchanga unaingia, na baada ya miezi michache unasikia tak-tak-tak kwenye kila kona. Isitoshe, ile nafasi ya gurudumu kushuka kufuata shimo umeshaitumia kulisimamisha gari, hivyo gurudumu linanyanyuka hewani mapema kuliko kabla. Milimita 30 kwa springi sahihi, pamoja na alaimenti baada yake, sioni tatizo. Spesa za kuchongesha mtaani za milimita 60, hapana.

Kinga ya chini nimeiweka nyuma ya shokapu lakini mbele ya mapambo yote. Plastiki ya kiwandani inazuia maji na vumbi, haizuii jiwe. Bamba la chuma la milimita 3 au 4 chini ya sampu (beseni la oili ya injini) na rejeta, lililofungwa kwenye fremu na si kwenye plastiki nyingine, fundi yeyote mwenye mashine ya kukunja chuma anaweza kulitengeneza. Mwambie aache tundu la kumwagia oili na matundu ya hewa. La sivyo kila sevisi utalifungua, na siku moja hutalirudisha.

Ngao, keria na taa nitazimaliza kwa pamoja. Uzito mbele unachosha springi za mbele. Uzito juu unalifanya gari liyumbe kwenye mteremko wa ubavu, na hapo ndipo magari yanapopinduka. Taa kali za juu zinaumulika bonati yako mwenyewe na vumbi lililo mbele yako. Keria ina maana ukiwa na mzigo usioingia ndani, basi ipakie vitu vyepesi.

Winchi? Inagharimu, ina uzito, inahitaji bampa imara na mti wa kufungia, na mbuga nyingi za udongo mweusi hazina mti. Kwa pesa ndogo kuliko hiyo tulinunua koleo, vibao viwili vya kuweka chini ya tairi, kipande cha ubao cha kukalisha jeki, na kamba ya kuvutia yenye uwezo unaojulikana. Cha kuangalia ni unapoifunga. Magari mengi kutoka Japani yana vijipete chini ya bampa ambavyo ni vya kulifunga gari melini. Mtu anakifunga kamba, lori linavuta kwa mshtuko, na kile kipande cha chuma kinang'oka na kuruka kama risasi. Tumia ndoano ya kuvutia iliyowekwa na kiwanda, au kifungio kingine kilicho kwenye fremu, na watu wote wakae mbali na mstari wa kamba.

Maji

Snokeli haigeuzi gari kuwa boti. Inainua mdomo wa hewa ya injini tu, na hilo ni jambo kubwa, maana maji yakiingia kwenye silinda hayabanwi kama hewa: konrodi, ule mkono wa pistoni, inapinda na injini imekwisha, kama ilivyowatokea wengi pale Jangwani Msimbazi ulipofurika. Lakini kompyuta ya gari, feni, na difu havikupanda pamoja na snokeli. Difu ina tundu dogo la kupumulia. Ikitoka kwenye mwendo ikiwa ya moto na kuzamishwa ghafla kwenye maji baridi, hewa ndani inasinyaa na kufyonza maji. Ukija kumwaga oili unakuta rangi ya chai ya maziwa. Kuongeza mpira wa kupumulia na kuupandisha hadi karibu na bonati ni kazi ya saa moja na spana chache, na kwa gari linalovuka mito midogo naiona ina thamani kuliko snokeli yenyewe. Hata hivyo mto usioujua unaupita kwa miguu kwanza, na fimbo. Ukifika magotini na unasukuma, gari lisubiri.

Masika iliyopita shemeji alipita Kilindi mara sita, akalala njiani mara moja kwa ajili ya mto. Tope halikumsumbua. Kilichomsumbua ni msumari. Tulikuwa tumesoma tarakimu za DOT za matairi yote manne tukajisifu, na lile la tano lililoning'inia mlango wa nyuma ndani ya kava yake hatukuligusa. Alipolifunua, kando ya barabara, liliandikwa 1106, limepasuka ubavuni kama udongo wa kiangazi. Tena lilikuwa ile saizi ya zamani, dogo kuliko wenzake, kitu ambacho hutakiwi kukizungusha kwenye ardhi ngumu na LOCK ikiwa imefungwa. Akaliweka 4H bila kufunga, akatambaa kilomita arobaini hadi Songe, akanipigia.

"Shemeji, zile 235 zinauzwa moja moja?"